Amin Hakuua Peke Yake

Hotuba kwa walimu wa historia, wazazi na wanafunzi, Bukoba

Walimu wenzangu, wazee wetu mliotoka Kyaka, Minziro na Mutukula, wazazi, na ninyi wanafunzi mliojaa hapo nyuma hata wengine mmesimama: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna tunavyowahukumu watu waliochukiwa kuliko wote katika historia. Ningeweza kuanza na Hitler, kama wafanyavyo wengi. Hitler hana mtetezi humu ukumbini na hotuba ingekwenda bila tabu. Lakini tuko Kagera. Hapa kuna jina moja ambalo mzee akilisikia anabadilika uso, na kijana wa siku hizi akilisikia anatabasamu. Nitaanza na jina hilo, na sehemu kubwa ya asubuhi hii nitabaki nalo: Idi Amin, aliyeitawala Uganda miaka minane, 1971 hadi 1979.

Mjadala wenyewe mnaujua. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ananyoosha mkono: mwalimu, mbona Amin alikuwa mzalendo? Aliwapa Waafrika maduka. Aliwakejeli Waingereza mpaka Wazungu wakambeba mabegani kwenye kiti mwaka 1975, picha ipo. Mzee akisikia hivyo anajibu: nduli yule alikuwa anakula nyama za watu, mnamtetea nini? Baada ya hapo hakuna anayemsikiliza mwenzake. Nimekaa katika mijadala hii miaka mingi, na naona pande zote mbili zinagombania kitu kimoja, yaani moyo wa Amin. Alikuwa mtu wa namna gani, shujaa au shetani? Mimi nasema swali hilo ndilo linalotupoteza njia. Ninalolitaka ni hili: nani alifanyiwa nini, siku gani, kwa mkono wa nani, na nani alinufaika?

Tuanze nyumbani. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka yakashika eneo lote hadi Mto Kagera, na Novemba 1 Kampala ikatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Ng'ombe walisombwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikaporwa, wanawake wakachukuliwa, watu wakauawa mashambani mwao. Mwalimu Nyerere akaliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Askari wetu wengi waliokufa wamelala katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, na ninyi walimu huwapeleka wanafunzi kule. Anayetaka kumtetea Amin katika mkoa huu aanze kwa kuyaeleza hayo, kisha ndipo aje na picha yake ya kiti.

Sasa tuvuke mpaka. Nawaomba vijana mshike jina la Benedicto Kiwanuka, kwa sababu habari zake zinafundisha zaidi kuliko vitisho vyote mlivyosikia. Kiwanuka alikuwa kiongozi wa chama cha Democratic Party, na mwaka 1962 aliwahi kuwa waziri mkuu wa Uganda kwa muda mfupi kabla ya uhuru. Serikali ya Milton Obote, aliyeiongoza Uganda baada ya uhuru, ilimfunga mwaka 1969. Januari 25, 1971 Amin akampindua Obote, akawafungulia wafungwa wa kisiasa, Kiwanuka akiwa mmoja wao, na mwaka huohuo akamfanya Jaji Mkuu. Mngekwenda nyumbani kwa Kiwanuka mwaka 1971 mkasema Amin ni nduli, mngefukuzwa. Mji wa Kampala ulikuwa umejaa watu mitaani wakishangilia mapinduzi. Kisha mwili wa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda aliyefia uhamishoni London, ukarudishwa ukazikwa kwa heshima, na Buganda ikafurahi zaidi.

Septemba 1972 Jaji Mkuu huyu aliamuru Mwingereza mmoja aliyeshikiliwa na askari kinyume cha sheria aachiliwe. Septemba 21 watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu, mchana kweupe, wakamtoa. Hakuonekana tena.

Amin hakuingia mahakamani siku ile. Gari lililomchukua Kiwanuka lilikuwa na dereva wake. Huko alikopelekwa kulikuwa na mtu wa zamu aliyefungua mlango. Miaka mitano baadaye, Februari 16, 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa kwa ajali ya gari. Miili ilikuwa na matundu ya risasi. Tangazo lile lina aliyelitunga na aliyelisoma. Jina tunalolifundisha darasani ni moja tu, na hao wengine wamepita katikati yetu kama wapita njia.

Hapo ndipo ninaposema chuki inaweza kuwa aina ya msamaha. Tukimlundikia mtu mmoja maovu yote ya miaka minane, tunakuwa tumewaachia huru mamia ya watu waliobeba, waliofunga, waliosaini na walionufaika. Amin mwenyewe alifia Jeddah, Agosti 16, 2003, bila kusimama mbele ya hakimu hata siku moja. Kwa hiyo hukumu yake imebaki mikononi mwetu, na mikono yetu imekuwa mizembe.

Chukueni suala la idadi ya waliokufa. Wanasheria wa kimataifa walikadiria si chini ya 80,000, na huenda kufikia 300,000. Makadirio yaliyotoka kwa Waganda waliokuwa uhamishoni kwa ushirikiano na Amnesty International yalifika 500,000. Tazameni pengo hilo! Kati ya 80,000 na 500,000 kuna watu wa mji mzima, na kila anayebishana anachota namba inayomfaa. Mtetezi anachota ndogo halafu anasema mmetia chumvi. Mshitaki anachota kubwa halafu anaona kazi imekwisha.

Lakini ipo namba nyingine ambayo haitajwi kabisa, na mimi naiheshimu kuliko hizo zote. Mwaka 1974 dunia ilipozidi kupiga kelele, Amin mwenyewe aliunda tume ya kuchunguza watu waliopotea tangu alipotwaa madaraka. Mwenyekiti alikuwa Jaji Mohamed Saied. Ilikuwa tume ya kujisafisha, hakuna asiyelijua hilo. Hata hivyo watu walikwenda. Wake na ndugu wa waliopotea walisimama mbele ya tume iliyoundwa na serikali ileile iliyowachukua watu wao, wakasema: mume wangu alichukuliwa siku fulani, mahali fulani, na watu wa aina fulani. Tume ikaandika visa 308. Ripoti haikutolewa kwa wananchi wakati ule, na watu waliendelea kupotea. Lakini hao 308 wana tarehe, wana mahali, na kila mmoja ana mtu aliyethubutu kumtaja wakati kumtaja kulikuwa hatari. Nikipewa saa moja darasani, nitaitumia kwa kisa kimoja katika hivyo kuliko kubishana kama ni laki tatu au laki tano.

Nitasema kidogo kuhusu picha, kwa kuwa vijana wa leo wanahukumu kwa picha. Mwaka 2015 katika shirika la utangazaji la Uganda yaligunduliwa masanduku ya negativu zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, nyingi zikiwa za enzi za Amin. Ni kama 70,000. Mwaka 2019 baadhi zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala. Na zinaonyesha nini? Amin akicheza ngoma, Amin akikagua gwaride, Amin kwenye harusi, watu wakipiga makofi. Mateso ya pale Nakasero, kwenye makao ya State Research Bureau, idara ya ujasusi ya Amin, hayamo. Mpiga picha wa serikali hakuitwa kule. Kwa hiyo mtu akiziangalia zile picha bila kusimuliwa lolote, anaondoka akidhani Uganda ilikuwa na sherehe miaka minane. Walioandaa maonyesho walilijua tatizo hilo, wakaweka pamoja na picha hizo kumbukumbu za waliouawa. Ninyi mnaposambaziana picha ya Wazungu wamebeba kiti, hakuna anayewaandalia jambo hilo. Muulizeni kila anayewaonyesha picha: aliyepiga aliitwa na nani?

Sasa nageuka kwa wazee wangu, na naomba mnivumilie.

Habari za kula nyama za watu. Zimesemwa sana, zimeandikwa Ulaya, zimeigizwa. Ushahidi wa kusimama nao mahakamani haujapatikana. Na mimi nasema habari hizo zimemsaidia Amin kuliko watetezi wake wote. Kijana anapokuja kugundua kwamba hadithi ya nyama haina ushahidi, anajiuliza, ni mangapi mengine niliyodanganywa? Anaitupa hadithi, na pamoja nayo anamtupa Kiwanuka, anamtupa Luwum, anamtupa yule bibi wa Kyaka aliyechomewa nyumba. Ukweli wa Amin unatosha. Hauhitaji kuongezwa hata punje.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nizichukie hadithi zile. Zilipendwa mno London. Zimwi la Kiafrika linalokula watu lilikuwa burudani kwa watu ambao serikali yao ilikuwa imemlea. Amin aliingia jeshi la wakoloni, King's African Rifles, mwaka 1946. Alipigana Kenya wakati wa Mau Mau. Mwaka 1961 alikuwa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa cheo cha ofisa. Mwaka 1962 kikosi chake kilipelekwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, kuzuia wizi wa mifugo, na kikaacha nyuma maiti za watu waliopigwa na kuteswa. Makaburi yalifukuliwa, uchunguzi ukafanyika, na wakuu wa Kenya walitaka ashitakiwe. Uganda ilikuwa imebakiza miezi michache ipate uhuru. Gavana Mwingereza, Sir Walter Coutts, alilipeleka suala hilo kwa waziri mkuu Obote, na likaishia kwenye karipio. Wale Waturkana hawakuwa na mtu mkubwa wa kuwasemea. Miaka tisa baadaye yule Obote akapinduliwa na mtu aliyemwachia, na serikali ya Uingereza ikawa miongoni mwa za kwanza kuutambua utawala mpya.

Mwenye kutaka kujua Amin alitoka wapi aanzie Turkana. Pale alijifunza kwamba ukiua watu wasio na sauti utaitwa ofisini, utagombezwa, kisha utapandishwa cheo.

Afrika nayo? Mwaka 1975 wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Kampala na Amin akawa mwenyekiti wao. Tanzania ilikataa kwenda na ikasema wazi kwamba Afrika haiwezi kuyalaani mauaji ya makaburu huku ikiyanyamazia ya kwake yenyewe. Hilo ninalisema kwa fahari, kwa sababu halikuwa jepesi wakati ule.

Nije kwenye maduka, maana hapo ndipo mtetezi anapotamba. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Kama watu 50,000 hivi waliondoka, wengi wakielekea Uingereza, kila familia ikiwa na masanduku machache. Waliobaki Uganda walishangilia, na tuseme kweli, Kenya na Tanzania pia walikuwapo walioshangilia mioyoni. Malalamiko dhidi ya mfumo ule wa kikoloni, Mwasia dukani na Mwafrika shambani, yalikuwa na msingi. Lakini mlishawahi kuuliza maduka yalikwenda kwa nani? Kamati zilipita mitaani zikigawa, na askari ndio waliokuwa mbele ya foleni. Waganda wenyewe waliwapa matajiri wale wapya jina, mafuta mingi. Mtu aliyekuwa hajui bei ya kununulia shati aliuza yaliyokuwamo yakaisha, akafunga. Sukari ikapotea, sabuni ikapotea, chumvi ikapotea, kila kitu kikaenda magendo. Mkulima wa Masaka hakupata duka. Alichopata ni foleni.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mafuta mingi hawakuwa mazimwi. Walikuwa majirani, wengine watu wa kanisani na msikitini. Walipewa ufunguo wa nyumba ya mtu aliyefukuzwa jana, sufuria bado ziko jikoni, wakaingia wakalala. Mtu wa aina hiyo hatumtaji tukimjadili Amin, kwa kuwa anafanana nasi mno.

Kisha chuki yenyewe ikaanza kazi yake. Amin alipoondoka, watu walimtafuta kwa wengine. Alikuwa Mwislamu, basi Juni 1979 huko Bushenyi makumi ya Waislamu waliuawa na majirani zao, watoto wakiwamo. Alikuwa mtu wa West Nile, basi askari wa serikali mpya walipoingia kule waliua na kuchoma mpaka maelfu kwa maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Juni 24, 1981, katika misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, raia waliokuwa wamekimbilia humo waliuawa na askari. Wengi wa waliouawa hawakuwahi kumwona Amin kwa macho. Huko Luwero nako, katika serikali ya pili ya Obote, maelfu walikufa, na kwa muda mrefu dunia haikusikia, kwani dunia ilikuwa imeshaamua kwamba shetani wa Uganda ameondoka.

Na sisi? Wazee mliopigana mnajua ninakokwenda. Mutukula ya upande wa Uganda ilisawazishwa kwa tingatinga, na raia waliuawa. Masaka ililipuliwa, majengo yakaanguka mtaa kwa mtaa, kulipiza Kagera. Sisemi haya ili kuivunjia heshima Kaboya. Vita ile ilikuwa ya haki na naamini hivyo mpaka leo. Lakini mwalimu anayefundisha daraja la Kyaka akaruka Masaka anamfundisha mtoto kwamba uovu una uraia.

Naona kijana mmoja pale ananyoosha mkono tangu muda, na nadhani najua swali: mwalimu, je, hakuna jema hata moja alilofanya? Yapo. Aliwafungulia wafungwa, nimesema. Aliurudisha mwili wa Kabaka. Huna haja ya kuyaficha. Ila watu wanayatumia kama mizani ya dukani, eti weka barabara upande huu, weka maiti upande ule, tuone kipi kizito. Mke wa Kiwanuka hakulipwa mume kwa barabara ya mtu mwingine. Mema yaandikwe, mabaya yaandikwe, kila moja kwa aliyelipata na aliyelitenda, na yasifutane.

Sasa nizungumzie hatari ya upande mwingine, kwamba aliyechukiwa leo anaweza kusafishwa kesho na mwenye nguvu. Mfano wake uko hapahapa Tanzania. Carl Peters alikuja mwaka 1884, akapita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za masultani kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma, na Februari 27, 1885 mfalme wa Ujerumani akampa hati ya ulinzi juu ya nchi zile. Mwaka 1891 akawa kamishna Kilimanjaro. Kule alimnyonga mtumishi wake Mabruk, na baadaye msichana aitwaye Jagodia, aliyekuwa amewekwa nyumbani kwake. Habari zikafika Berlin. Mwaka 1896 August Bebel, kiongozi wa wasoshalisti, alizisoma bungeni mbele ya nchi nzima, na mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ikamfukuza Peters kazi na kumnyima pensheni. Wajerumani wenyewe walimhukumu, wakati wa ukoloni wao wenyewe!

Kisha tazameni. Mwaka 1905 Kaisari akamrudishia cheo. Mwaka 1914 akapewa pensheni. Akafa 1918. Wanazi walipotawala wakamfanya shujaa kamili, wakaipa njia moja ya Berlin jina lake mwaka 1939, na mwaka 1941 wakamtengenezea filamu ya kumsifu. Ushahidi ulikuwa uleule. Mabruk na Jagodia walikuwa bado wamekufa. Kilichobadilika ni mahitaji ya waliokuwa madarakani. Mwaka 1986 wakuu wa mtaa ule wakasema jina libaki, ila sasa ni la Peters mwingine, Hans, aliyempinga Hitler. Nadhani hiyo ilikuwa njia ya kukwepa. Wakazi wenye asili ya Afrika na wenzao walidai kwa miaka mingi, na Agosti 2024 barabara ikagawanywa: kipande kimoja kikapewa jina la Anna Mungunda wa Namibia, kingine kikaitwa Maji Maji. Walioshinda hawakushinda kwa kumwita Peters shetani kwa sauti kubwa. Walikuwa na hukumu ya 1897, walikuwa na majina mawili ya walionyongwa.

Na yuko mwingine ambaye tunamzungumzia kwa kunong'ona, kwa sababu ni wa kwetu. Hamed bin Muhammad, Tippu Tip, mtu wa Unguja, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Ameacha maisha yake kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili safi, na humo anasimulia vita, pembe na mateka waziwazi, bila kuona haja ya kujitetea. Misafara yake na ya wenzake iliacha vijiji vya Maniema vikiwa majivu, na iliacha huko Kongo lugha hii ninayozungumza nanyi sasa. Yote mawili ni kweli. Nimeona mijadala juu yake ikigeuka ugomvi wa dini kabla ya dakika kumi, Mkristo akimtupia Mwislamu utumwa kama kwamba aliyeko mbele yake ndiye aliyefunga minyororo. Na nimeona wengine wakijibu kwa kukanusha kila kitu.

Wote wawili nawaomba wakumbuke Leopold. Mfalme yule wa Ubelgiji aliiambia Ulaya kwamba anakwenda Kongo kuwaokoa watu na Waarabu wauza watumwa. Chuki dhidi ya Tippu Tip ilikuwa mtaji wake. Na mwaka 1887 mfalme huyohuyo akamteua Tippu Tip awe gavana wake wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Alipokwisha kuwa na nguvu, jeshi lake likapigana na hao Waarabu kuanzia 1892 hadi 1894, likashinda, na nchi ikaingia katika kulazimishwa kuvuna mpira wa msituni, viboko na kukatwa mikono. Mtu aliyeonyeshwa zimwi mlango wa mbele aliporwa kupitia mlango wa nyuma. Mwaka 2005 serikali ya Kinshasa ilisimamisha tena sanamu la Leopold katikati ya mji, na kabla siku haijaisha likaondolewa. Saa chache zile ziliwatosha Wakongo kusema walichonacho.

Nimewachosha, namalizia na kazi.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo yuko kwenye sabini au anaikaribia. Tunazika wazee kila mwezi, na kila mmoja anaondoka na tarehe zake. Nimekubaliana na walimu wa shule kadhaa kwamba wanafunzi wa kidato cha tatu watakaa na wazee wakaandike, kwa utaratibu: jina lako ukikubali, kijiji, siku, ulichokiona kwa macho yako, na kando yake, ulichosikia kwa wengine. Viwili hivyo visichanganywe. Yataandikwa ya askari wa Amin waliofanya unyama, na ataandikwa pia yule askari wa Amin aliyemficha mtoto, kama yupo mzee anayemkumbuka. Waliopigana Uganda tunawaomba wasimulie na Masaka pia. Hatutawahukumu hapa, tutaandika. Na kama yuko mzee aliyepewa ng'ombe wa wizi akamla, naye aje.

Madaftari yako kwenye meza mbili hizo za upande wa madirisha, na walimu wawili wamekaa pale mpaka saa nane. Asiyejua kuandika ataandikiwa, anayetaka kuzungumza Kihaya azungumze Kihaya. Jumamosi ijayo tunakwenda Kyaka, inayofuata Kassambya, halafu Minziro. Wenyeviti wa vijiji mliopo naomba mniachie namba zenu za simu kabla hamjatoka.